SOMO LA LEO: Huyo anayekufungia oda ni "msaidizi" au ni mfanyakazi wako?

Leo sigusi picha za bidhaa, wala sigusi yule mteja anayeuliza "bei gani" halafu anapotea. Leo tumwongelee mtu ambaye mteja hamuoni. Yule anayekufungia mizigo, anayejibu meseji ukiwa umelala, anayekimbiza boksi stendi kabla basi halijaondoka. Tunamwita msaidizi, mdogo wangu, binti wa oda, kijana wa mizigo. Kila jina tunampa isipokuwa moja, mfanyakazi.

Somo hili nililipia, tena kwa hela. Naomba wewe ulipate bure.

NILIVYOINGIA KWENYE SHIDA

Nilianza kuuza nguo za watoto mtandaoni mwaka 2019. Mzigo nachukua Kariakoo, picha napiga sebuleni, oda nyingi za mikoani. Mwaka uliofuata nikazidiwa, nikamchukua binti mmoja wa mtaani kwetu. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: shilingi 1,000 kwa kila oda anayofunga na kuipeleka. Siku ya oda nyingi anaondoka na 8,000, siku kavu anaondoka na 2,000. Kichwani mwangu yule alikuwa anajiajiri, mimi nampa tu kazi.

Sasa angalia nilivyokuwa naishi naye. Saa mbili asubuhi awe amefika. Akitaka kuondoka mapema anaomba ruhusa. Simu ya kujibia wateja nilimnunulia mimi, bando naweka mimi, mifuko na gundi natoa mimi. Jirani yangu anayeuza mikoba alimwomba amsaidie siku za Jumamosi, nikakataa. Nikasema "huyu ni wangu, usinichanganyie." Tulienda hivyo miaka miwili na zaidi.

Siku moja mwaka 2022 alikuwa anashuka kwenye daladala na maboksi mawili ya wateja wa Mbeya, akielekea Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Akateleza, akaangukia mkono, ukavunjika. Mimi nilifanya nini? Nilimtumia 20,000 ya pole, nikamwambia apumzike, na wiki ile ile nikachukua binti mwingine. Wala sikujiona mbaya. Oda zilikuwa zinasubiri.

Baada ya wiki mbili akaja mama yake mdogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu mtoto alipovunjika mkono, alikuwa anamfanyia kazi nani?"

Nikaanza maelezo. Ooh, alikuwa analipwa kwa oda. Ooh, hatukuandikishana. Ooh, si mwajiriwa. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maboksi yalikuwa ya kwake?" Nikakosa la kujibu.

Siku chache baadaye nikapokea fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.

KILICHONIFUNGUA MACHO

Kwenye usuluhishi mimi nilikwenda na hoja moja: hakuna mkataba, kwa hiyo hakuna ajira. Nadhani wengi wenu mngekwenda na hoja hiyo hiyo.

Msuluhishi hakunihukumu, hiyo si kazi yake. Ila aliniuliza maswali mfululizo, na kila nililojibu lilinizamisha. Baadaye nikajua maswali yale yanatoka wapi. Yapo kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kifungu hicho kinasema hivi kwa lugha yetu: mtu akikufanyia kazi, na ikawepo hata dalili moja kati ya saba, basi sheria itamchukulia kuwa ni mfanyakazi wako mpaka wewe uthibitishe kwamba siye. Na haijalishi mkataba wenu mliupa jina gani.

Rudia kusoma hapo. Dalili MOJA inatosha kuanzia. Na mzigo wa kuthibitisha unakuwa kwako wewe mwenye biashara.

DALILI SABA, JIPIME MWENYEWE

Chukua kalamu. Mfikirie mtu wako mmoja, jibu ndiyo au hapana.

1. Je, wewe ndiye unayemwelekeza namna ya kufanya kazi? Mfano: "mteja mjibu hivi, mzigo funga hivi, bei usishushe bila kuniuliza."

2. Je, wewe ndiye unayempangia muda? Saa ya kufika, saa ya kuondoka, siku ya mapumziko.

3. Kama ni taasisi au kampuni, je, yeye ni sehemu yake? Wateja wanamjua kama mtu wa duka lako, anajibu kwa jina la duka, yupo kwenye grupu lenu la kazi.

4. Je, amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita? Hapa wengi wanadanganyika, wanadhani ni saa 45 kwa wiki. Ni kwa MWEZI. Mtu anayekuja saa mbili tu kwa siku, siku 26 za mwezi, tayari ana saa 52. Huyo unayemwita wa muda mfupi ameshapita.

5. Je, anakutegemea wewe kiuchumi? Yaani ukifunga biashara leo, kesho kwao hakuna kinachoingia.

6. Je, vifaa vya kazi unampa wewe? Simu, bando, mizani, mifuko, pikipiki.

7. Je, anakufanyia kazi wewe peke yako?

Mimi nilijibu ndiyo kwenye sita. Namba tatu peke yake ndiyo niliyoweza kubishania, kwa sababu sikuwa na kampuni. Ile kauli yangu kwa jirani, "huyu ni wangu", ilijibu namba saba bila hata kuulizwa.

Tukasuluhishwa. Nikakubali kulipa laki tisa kwa awamu tatu: gharama za matibabu, notisi, likizo ambazo hakuwahi kupewa, na kiinua mgongo. Laki tisa kwa mtaji wangu wa wakati ule ilikuwa mzigo mzima wa mwezi. Ila kiukweli kilichoniuma zaidi ni kwamba yule binti siku ya kusaini alisaini kwa mkono wa kushoto.

MIFANO MINNE YA KWETU

Ili usichanganye mambo, tuchukue watu wanne ambao kila muuzaji wa mtandaoni anao.

Wa kwanza, bodaboda wa kawaida. Pikipiki ni yake, bei mnapatana, leo anakupelekea mzigo wewe, mchana anampelekea mwingine, na akisema hana nafasi hakuna ugomvi. Huyu anajiajiri. Mlipe vizuri, mheshimu, basi.

Wa pili, bodaboda "wako". Umempa tisheti ya duka, umemzuia kubeba mizigo ya wengine, ukipiga simu lazima aje, na kila jioni unampa posho yake. Huyu pikipiki inaweza kuwa yake kabisa, lakini dalili nyingine zimejaa.

Wa tatu, muuzaji wa kamisheni. Ana ukurasa wake, anachukua picha zako, anaongeza bei anayotaka, anauza na bidhaa za wenzako. Huyu ni mfanyabiashara mwenzako.

Wa nne, dada anayekaa na simu ya duka kuanzia asubuhi mpaka usiku, tena anafanyia nyumbani kwake. Watu wanasema "huyo hata haji dukani, anafanyia kwao." Mahali anapokaa hakubadilishi kitu. Wewe ndiye unayemwelekeza, simu ni yako, saa zinazidi 45. Huyo ni mfanyakazi.

HII SI SHIDA YETU PEKE YETU

Usidhani ni mambo ya wauzaji wadogo tu. Kampuni kubwa duniani zimebishana jambo hili hili mpaka mahakama za juu.

Uingereza, madereva wa Uber walikuwa na mkataba unaosema wao ni wakandarasi huru. Wakaenda kwenye baraza la kazi mwaka 2016, kesi ikapanda ngazi kwa ngazi, na tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Majaji walitazama mambo yaliyokuwa yanatokea kila siku: nauli inapangwa na kampuni, masharti yanaandikwa na kampuni, dereva akikataa safari nyingi anaadhibiwa. Uhuru ulikuwa kwenye karatasi tu. Ukisoma sababu zile na ukamkumbuka bodaboda "wako" mwenye tisheti, utaona ni kitu kimoja.

Hispania mwaka huo huo wa 2021 walibadilisha sheria: wasambazaji wa chakula wanaoendeshwa na programu za simu wanachukuliwa moja kwa moja kuwa ni waajiriwa. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha mwongozo wa kazi za kwenye majukwaa ya mtandaoni, na nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuuingiza kwenye sheria zao.

Majirani zetu Kenya wana njia yao. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake inageuka na kuhesabiwa kama ya mshahara wa mwezi. Deiwaka haiwezi kuwa deiwaka milele. Na walio Zanzibar mkumbuke mna Sheria yenu ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, msitumie hii ya bara.

SHERIA YETU IMEBAKIZA MASHIMO

Mimi ni muuzaji tu, lakini baada ya yale yaliyonikuta nina maoni yangu. Kipimo chetu cha dalili saba ni kizuri, na kimekuwepo tangu 2004. Shida ninaziona tatu.

Kwanza, hakuna anayekijua. Mwajiri mdogo hakijui, binti anayefunga oda hakijui. Sheria ambayo mpaka mama mdogo aje kuuliza ndipo ufanye kazi yake, bado haijamfikia mhusika. Ingekuwepo fomu moja fupi ya mkataba kwa Kiswahili chepesi, unaijaza kwa simu, nusu ya migogoro hii isingefika CMA.

Pili, ile miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa mtu unayemjaribu kazi inaeleweka. Lakini tunawajua wanaobadilisha mabinti kila mwezi wa tano ili tu wasifike wa sita. Shimo hilo lingezibwa kwa kuhesabu muda wote wa kazi ile ile hata mtu akitolewa na kurudishwa.

Tatu, bodaboda yule wa kwanza, anayewabebea wauzaji kumi. Hana dalili za ajira kwa yeyote kati yetu, na akivunjika mguu hakuna wa kumuuliza swali la mama mdogo. Wote kumi tunanufaika naye. NSSF wanapokea watu waliojiajiri, lakini anatakiwa atoe yeye peke yake mfukoni. Natamani ungewekwa utaratibu wa sisi tunaomtumia kuchangia kidogo kwenye kila safari. Mia moja kwa safari ingeniumiza nini?

Kuna atakayesema "ukibana sheria, wadogo tutashindwa kuajiri." Nimelifikiria sana hilo, maana na mimi ni mdogo. Jibu langu ni hesabu ifuatayo.

HESABU YA KUWA SAHIHI

Tuseme unamlipa mtu wako 200,000 kwa mwezi. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kiwango chako kiangalie kwenye Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyopo sasa, sekta yako.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF: mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa 200,000 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Elfu moja! Hela ileile niliyokuwa namlipa kwa oda moja. Ningekuwa nimesajili na kuchangia, mkono ule ungeshughulikiwa na mfuko. Mchango huu ni wa mwajiri, usimkate mfanyakazi.

NSSF: jumla ni asilimia 20, na kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu. Wewe 20,000, yeye 20,000. Hapa ndipo panapouma, sikufichi. Ndiyo maana unatakiwa kuiweka kwenye bei ya bidhaa mapema, kama unavyoweka nauli na mifuko. Kama bei yako haiwezi kumbeba anayekufungia mzigo, bei yako si sahihi.

Jumla kwa upande wako ni 21,000 kwa mwezi juu ya mshahara. Linganisha na laki tisa zangu.

FANYA HAYA MANNE WIKI HII

1. Amua ukweli. Kama ni mfanyakazi, mfanye mfanyakazi. Kama unataka awe huru, basi mwache huru kweli: achague saa, akatae kazi akitaka, awafanyie na wengine, bei mpatane. Usichukue utamu wa pande zote mbili. Amri unataka utoe wewe, halafu akiumia unasema amejiajiri.

2. Andikishaneni. Weka jina lake, umri, jinsia na anwani, mahali alipoajiriwa, kazi anayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa, pamoja na stahili nyingine. Sahihi zenu mbili, kila mmoja abaki na nakala. Usidhani kutoandika kunakulinda. Kukiwa na shauri na ukashindwa kuleta maandishi, wewe mwajiri ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

3. Heshimu muda. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku sita. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Msimu wa sikukuu, oda zikifumuka, andika saa zake kwenye daftari kila jioni. Daftari hilo litawalinda nyote wawili.

4. Mkiachana, mwachane vizuri. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28. Aliyemaliza mwaka na zaidi, ukimwachisha wewe, kwa kawaida anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Na ujue mapema: anayelalamikia kuachishwa ana siku 30 za kufika CMA, kwa madai mengine ana siku 60.

Kama suala lako limeshakuwa gumu, usiishie kwenye posti yangu. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa wako, uliza. Kuuliza ni bure.

MWISHO

Mtanitaka niseme yule binti yuko wapi. Mkono ulipona, ila hakurudi kwangu, na sikumlaumu. Anafanya kazi kwa yule jirani wa mikoba, ambaye alimwandikia karatasi siku ya kwanza. Tunakutana njiani, ananiamkia "shikamoo dada", naitika. Kila nikiitika nakumbuka swali la mama yake mdogo.

Mimi sasa nina watu wawili, wote wana mikataba. Wakati wa kuwaandikia nilijiuliza swali lile lile, nawe ukajiulize usiku huu kabla hujazima data: mtu wako akianguka kesho na boksi lako mkononi, utasema alikuwa anamfanyia kazi nani?

Hifadhi posti hii, na mtumie mfanyabiashara mwenzako mwenye "msaidizi". Kama umejipima kwenye zile dalili saba, andika hapa chini umepata ngapi. Usione aibu, mimi nilipata sita.

Somo lijalo: jinsi ya kupanga bei inayolipa mshahara bila kukimbiza wateja.